Meza ya michezo ya kuigiza: futi nne zinatosha

SWALI: Tuko saba, wachezaji sita na msimuliaji. Kila Jumamosi tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao msimuliaji huongoza hadithi na kila mchezaji humwendesha mhusika wake kwa dadu na kisanamu juu ya ramani, kwangu Upanga, ghorofa ya tatu, sebule ya mita 3.5 kwa 4. Fundi mmoja wa Keko amenichorea meza ya mninga ya futi 5 kwa 8. Katikati ina bonde la kina cha inchi 4 lililobandikwa mahameli, kwenye ukingo kuna matundu ya kuwekea glasi, na pembe zote zimeungwa kwa mkato wa nyuzi 45. Siku nyingine tunataka tuifunike tulie chakula. Nimpe kazi aanze?

JIBU: Usimpe bado. Wazo la bonde lenye vifuniko ni zuri, na mninga ni mbao nzuri. Vipimo ndivyo vitakavyokutesa, pamoja na mambo matatu aliyoyaongeza kwa ajili ya sura: mahameli, matundu na zile pembe.

Meza ya namna hii hupimwa kwa mkono wa mchezaji. Mtu mzima aliyekaa kitini anafika bila taabu sentimita 60 hadi 65 kutoka ukingo wa meza. Meza ya futi 5 ina upana wa sentimita 152, kwa hiyo katikati yake iko sentimita 76 kutoka kwa kila mtu. Atakayetaka kusogeza kisanamu chake katikati ya ramani itabidi anyanyuke na kuinama, na kifua chake kitaburuta karatasi zake. Jambo hilo litajirudia kila zamu, jioni nzima. Kwa upana wa futi 4, yaani sentimita 122, katikati iko sentimita 61, na hakuna anayelazimika kusimama.

Urefu nao una hesabu yake. Nyuma ya kila kiti inahitajika nafasi ya sentimita 90 ili mtu avute kiti na mwingine apite. Futi 8 ni sentimita 244. Ongeza 90 kila upande unapata 424, na sebule yako ina 400. Futi 6 ni sentimita 183, ukijumlisha nafasi za pande zote mbili unapata 363. Upana wa 122 unakupa 302 ndani ya zile 350. Kwa hiyo meza yako ni futi 4 kwa 6: wachezaji watatu kila upande mrefu, kila mmoja na sentimita 61 zake, na msimuliaji kichwani. Kabla ya kununua hata ubao mmoja, tafuta boksi la friji, likate kwa kipimo hicho, lilaze juu ya meza mliyonayo na mkae wote saba mcheze nusu saa. Kosa litakaloonekana kwenye boksi halijakugharimu kitu.

Sasa bonde lenyewe. Ramani za mchezo huu huchorwa kwa miraba ya inchi 1, na kila mraba huhesabiwa kuwa futi 5 za ulimwengu wa mchezo. Uwazi wa ndani uwe sentimita 91.6 kwa 152.6. Hapo unapata miraba 36 kwa 60, na milimita mbili za kupumulia ili ramani iingie bila kukunjamana. Ukingo wa juu, mahali pa kupumzishia mikono, uwe na upana wa sentimita 14 na unene wa milimita 22. Kuta za bonde ziwe na unene wa milimita 42 na kimo cha sentimita 12. Ukingo usifunike ukuta wote: uache milimita 12 za ukuta wazi kwa ndani, kama ngazi ndogo inayozunguka bonde. Vifuniko vitakaa juu ya ngazi hiyo. Plaiwudi ya milimita 18 ikiwekwa juu ya mkanda wa mpira wa milimita 4 inafika sawasawa na uso wa ukingo, na sahani haitagonga popote.

Kwa wima, uso wa ukingo uwe sentimita 77 kutoka sakafuni. Ukitoa unene wa ukingo na kimo cha ukuta, chini ya ukuta panabaki sentimita 62.8. Kiti chenye kimo cha 45 kinaacha karibu sentimita 18 za mapaja, na hapo hakuna ziada: viti vyenye mikono havitaingia, na viti vya kimo cha 48 vitabana watu wanene. Pima viti vyako leo. Ndani ya kuta, chini kabisa, fungia vibao vya sentimita 3 vya kubebea sakafu ya plaiwudi ya milimita 18, na kimoja kikatize katikati ili sakafu isibonyee. Juu ya sakafu utalaza mkeka wa milimita 4. Kina cha bonde kinakuwa sentimita 9, na vifuniko vikiwa juu bado kuna sentimita 7.2 za hewa chini yake. Visanamu vya kawaida vya kipimo cha milimita 28 hadi 32 vinabaki vimesimama palepale, familia inakula, na Jumamosi inayofuata pambano linaendelea lilipoishia. Joka lenye mabawa itabidi litoke. Kina hicho kina faida nyingine kwa Dar: pangaboi linaweza kuzunguka kwa kasi yoyote bila kupeperusha ramani na karatasi zilizomo.

Kuna kosa moja ambalo meza nyingi za namna hii hubeba hata zikitengenezwa na mafundi wazuri. Karatasi ya mhusika, ambayo mchezaji huandika habari za mhusika wake, ni A4, sentimita 21 kwa 29.7. Ukingo ni 14. Mchezaji aiweke wapi? Usipanue ukingo, maana utaila nafasi ya mkono tuliyoipigania pale juu. Kata vibao sita vya plaiwudi vya sentimita 24 kwa 32, kila kimoja kikae juu ya ukingo kikiingia juu ya bonde kwa sentimita 10. Chini yake gundisha kijiti kinachogusa ukingo kwa ndani ili kisiteleze kurudi kwa mchezaji. Uzito mwingi uko juu ya ukingo, hakipinduki, ila mwambie mwenye viwiko vizito asiegemee ile sehemu ya ndani. Msimuliaji yeye anahitaji dawati kamili, kwa skrini yake (kikingio cha kusimamisha kinachoficha maandishi yake), kitabu na daftari. Mwachie kifuniko cha kwanza kikiwa mahali pake. Vifuniko vyako vitakuwa vinne, kila kimoja sentimita 38.6 kwa 93.6, kimoja hicho pamoja na ukingo kinampa kina cha sentimita 52, na chini yake anaficha visanamu ambavyo wachezaji hawatakiwi kuviona bado. Bonde linabaki na miraba zaidi ya 45 kwa urefu, ambayo inatosha kwa mapambano mengi.

Tuje kwenye mbao, maana hapa ndipo hewa ya pwani inapofanya kazi yake. Kwa ukingo, mninga ni chaguo sahihi: hausinyai sana wala hauvimbi sana ukilinganisha na mbao nyingine zinazouzwa mjini, na unapendeza kwa mguso. Huna sababu ya kutengeneza kila kitu kwa mninga. Kuta na miguu inaweza kuwa mtiki au paina iliyowekwa dawa, na fedha inayobaki inunue plaiwudi nzuri. Mkongo ni imara sana, lakini ni mzito na unachosha meno ya msumeno bila kukupa faida yoyote kwenye meza ya sebuleni. Mninga ni mti wa asili, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye risiti na vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Vumbi lake huwasha pua, ngozi na mapafu. Anayepiga msasa avae barakoa. Mtiki una mafuta, ufutwe kwa tina mahali pa kiungo muda mfupi kabla ya kupaka gundi, la sivyo gundi haitashika.

Jambo la kwanza la kuuliza dukani ni ukavu. Mbao iliyolala nje wakati wa masika inaweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 20, na kwenye sebule yenye kiyoyozi itateremka hadi kati ya 10 na 12. Tofauti hiyo yote inageuka kuwa mipasuko na viungo vilivyoachana. Kama fundi hana kipimo cha unyevu, kata kipande cha sentimita 10 mbali na ncha ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito uache kushuka, kisha upime tena. Kikianza gramu 226 na kuishia gramu 200, maji yaliyotoka ni gramu 26. Gawanya kwa 200, ni asilimia 13. Chini ya 14, endelea. Juu ya hapo, mbao zipangwe ndani ya sebule yenyewe, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, wiki tatu au zaidi, kisha pima tena. Fundi atalalamika kwamba unamchelewesha. Mwache alalamike.

Sasa utaona kwa nini nazikataa pembe za nyuzi 45. Mbao husinyaa kwa upana. Kwa urefu karibu haibadiliki. Ukingo wa sentimita 14 ukisinyaa hata milimita 2, ile pembe iliyokatwa nyuzi 45 haibaki nyuzi 45 tena, na kiungo kinafunguka kuanzia kona ya ndani. Siku ya kukabidhiwa meza inang'aa. Baada ya miezi michache ya kiyoyozi kila kona ina ufa unaoingia ukucha. Unga kwa mraba: vipande virefu vya ukingo viende moja kwa moja mpaka mwisho, vifupi viingie katikati yake kwa ulimi wa sentimita 2 kila upande. Ukisinyaa, utaona tu kimstari chembamba kilichonyooka.

Vilevile ukingo usigundishwe juu ya ukuta na kwenye vikono vyake kwa pamoja. Ukingo unatokeza nje ya ukuta kwa sentimita 11, na watu wataegemea hapo, kwa hiyo chini yake weka vikono vya pembetatu kila baada ya sentimita 40 hivi. Kwenye ukuta, skrubu zikaze kabisa, ili upande wa ndani ambako vifuniko vinakaa usihame. Kwenye vikono, tundu la skrubu lirefushwe kuelekea nje, liwe umbo la yai, mbao ipate pa kutembelea. Skrubu nyeusi za gipsamu zisitumike popote: kichwa huvunjika kwenye mbao ngumu, na hewa ya chumvi ya Upanga itazilia kutu mpaka zitoe madoa meusi. Tumia za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na kila moja itobolewe tundu kwanza.

Miguu ifungwe nje ya kuta fupi, chini ya ukingo unaotokeza, upande wa msimuliaji na upande wa pili. Ikifungwa kwenye kuta ndefu, wachezaji wa pembeni watacheza wakiwa wameukumbatia mguu kwa magoti. Kila mguu ni vipande viwili vya mbao ya inchi 2 kwa 4 vilivyogundishwa pamoja, urefu sentimita 74.8, ncha yake ya juu ikigusa ukingo kwa chini na kuubeba. Boliti mbili za M10 za milimita 120 kwa kila mguu, kichwa cha mviringo kikiwa ndani ya bonde, nati ikizamishwa upande wa nje kwenye tundu la kina cha sentimita 2. Hapo usitie gundi. Miguu ikifunguliwa, kinachobaki ni sanduku la unene wa sentimita 14 ambalo linapita kwa ubavu kwenye mlango wa sentimita 80 na kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Meza iliyogundishwa miguu itaishia getini. Chini ya kila mguu weka soli ya plastiki inayorekebishika: inaondoa mtikisiko kwenye vigae visivyo sawa, na inaizuia mbao isinywe maji kila nyumba inapopigwa deki.

Manunuzi ya mbao ni haya. Ubao wa 1 kwa 6 wa futi 12, viwili, kwa ajili ya ukingo. Kuna mtego hapo: futi 12 ni sentimita 366, na vipande virefu viwili ni 366 kamili, kwa hiyo fundi anaweza kufikiri kwamba vinatoka kwenye ubao mmoja. Msumeno unakula milimita 3, na ncha za ubao mara nyingi zimepasuka. Kila ubao utoe kirefu kimoja cha 183 na kifupi kimoja cha 98. Masalia yanakuwa vikono. Ubao wa 2 kwa 6, viwili, kwa kuta: kila kimoja kinatoa ukuta mrefu wa 161 na mfupi wa 100, na masalia ya mita moja yapasuliwe kuwa vibao vya kubebea sakafu. 2 kwa 4, viwili, kwa miguu. Plaiwudi ya milimita 18 ya futi 8 kwa 4, mbili. Fundi atakuambia vifuniko viwili vinaweza kutoka kwenye masalia ya sakafu, na ni kweli, ila nyuzi za mbao zitafuata upande mfupi wa kifuniko, navyo vitabonyea chini ya sufuria ya pilau. Vifuniko vyote vinne vitoke kwenye karatasi ya pili, urefu wa kifuniko ukifuata urefu wa karatasi. Vibao vya wachezaji navyo vinatoka hapohapo.

Mahameli yaliyobandikwa, hapana. Manyoya yake hulala upande mmoja, visanamu vyepesi husimama vimeinama, na kitambaa kilichogundishwa kwenye plaiwudi hushika ukungu masika ya kwanza tu. Ukibandua, unabandua na uso wa mbao. Chukua kitambaa cha meza ya pool, kigundishe juu ya mpira laini wa milimita 3 kama ule wa mkeka wa kipanya cha kompyuta, ukate mkeka mzima uwe mdogo kuliko bonde kwa milimita 2. Ulale tu bila kubandikwa, utolewe uanikwe. Usivuke unene huo kwa tamaa ya ulaini. Kitako cha kisanamu kina milimita 25. Kikikaa juu ya sponji nene, mchezaji jirani akigusa ramani tu kinaanguka. Mkeka wa milimita 4 unatosha kunyamazisha dadu: ile ya pande 20 inabiringika, inapunguza mwendo na kusimama wazi juu ya upande mmoja, wakati kwenye plaiwudi tupu ingeruka na kugonga ukuta mara tatu. Rangi iwe ya kijivu au samawati iliyokolea ili karatasi nyeupe ionekane bila kuumiza macho.

Matundu ya glasi nayo yaondoke. Tundu la sentimita 9 kwenye ukingo wa 14 linaacha sentimita 2.5 kila upande, na hapo mbao hupasuka mtu akiegemea. Tena yanakaa palepale mkono unapotaka kupumzika. Nunua stuli tatu nyembamba ziwekwe kati ya viti, kimo kidogo kuliko meza. Glasi ikimwagika, inamwagika sakafuni, mbali na ramani.

Hata hivyo kuna watakaoweka soda baridi juu ya ukingo, na kwa joto letu glasi hutoka jasho ndani ya dakika chache. Vanishi nyepesi inayokauka haraka, ambayo mafundi hupenda kuipulizia, itaota duara nyeupe. Omba polyurethane ya kuchanganya sehemu mbili, mipako mitatu, msasa wa namba 320 kati ya mipako, na ipakwe pande zote za ukingo, hata chini kusikoonekana. Upande mmoja ukiachwa mtupu, unakunywa unyevu peke yake na ubao unapinda. Uso uwe wa kung'aa nusu. Ule wa kioo kabisa hunata mikono yenye jasho na hurudisha mwanga wa taa machoni.

Taa, ukizitaka: bonde lina mzunguko wa karibu mita 4.9, kwa hiyo roli moja ya mita 5 ya LED za volti 12 inatosha, ikifichwa chini ya ngazi ya vifuniko. Kwa ile ya wati 4.8 kwa mita utahitaji kama wati 24. Nunua adapta ya ampea 3 isiyochemka. Betri ndogo ya volti 12 ya ampea-saa 7 itawavusha saa mbili hivi umeme ukikatika katikati ya pambano. Kuhusu kuzamisha televisheni ndani ya bonde, kama kuna atakayekushawishi: unene wake unakula nafasi ya magoti, na joto lake linahitaji matundu ya hewa. Meza hii haikupangwa kwa hilo.

Ukikubaliana na fundi, mpe mchoro wenye vipimo hivi, na malipo ya ufundi yatenganishwe na vifaa. Nenda karakana mara mbili. Ya kwanza, gundi ikiwa bado mbichi na kuta zimo kwenye klampu: nyoosha futi kamba kutoka kona ya ndani hadi kona ya ndani iliyo mkabala, kwa mshazari, kisha fanya hivyo kwa mshazari wa pili. Zote mbili zisome sentimita 178. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, sanduku limeenda upande, na huo ndio wakati wa kulivuta, kwa sababu gundi ikishakauka vifuniko havitakaa sawa milele. Ya pili ni kabla ya vanishi: weka vifuniko vyote vinne, kandamiza kila kona kwa kiganja, na hakikisha kati ya kimoja na kingine kadi ya benki inapita kwa shida kidogo. Kikibana kabisa kiangazi, masika hakitatoka.